Ndege ya Nyaya Mbili

Nikiwaambia watu kwamba mojawapo ya mambo yaliyonifundisha ualimu ni ndege ndogo za mashindano, wengi hudhani nafanya mzaha wa kizee. Wanafikiri nasema juu ya vindege vya karatasi ambavyo watoto huvirusha darasani mwalimu akigeukia ubao. Sivyo hivyo. Nasema juu ya ndege yenye injini ya kweli, ambayo mabawa yake toka ncha hadi ncha hufika mita moja na nusu hivi, na ambayo hurushwa ikiwa imefungwa nyaya mbili nyembamba za chuma. Mrushaji husimama katikati ya uwanja akiwa na kishikio mkononi, na ndege humzunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Ila mbuzi huyu hukimbia kilomita 85 au 90 kwa saa, na akiamriwa hukimbia hivyohivyo huku kalala chali.

Mashindano yake si ya mbio. Ni ya unadhifu, kama mashindano ya mwandiko. Kwa kanuni za kimataifa rubani hupewa dakika saba, na ndani ya dakika hizo awashe injini, apae, achore angani maumbo yanayojulikana kwa mpangilio usiobadilika, kisha atue. Huchora maduara ya ndani na ya nje, miraba, pembetatu, nane iliyolala na nane iliyosimama, saa ya mchanga, nane nyingine juu ya utosi wake mwenyewe, na mwisho ua la majani manne. Baada ya umbo, ndege hurudi kwenye kimo cha mita moja na nusu kutoka ardhini, kimo cha kidevu cha mtu, na ibaki hapo bila kupanda wala kushuka kana kwamba inapita juu ya meza. Waamuzi huketi nje ya duara na kutoa alama kwa kila umbo.

Rubani huyu hana usukani wa kwenda kushoto wala kulia. Anachoweza kutoka pale alipo ni kuinua pua ya ndege na kuishusha, basi. Zile nyaya mbili huingia kwenye ncha ya bawa la ndani na kushikana na kipande cha pembetatu kilichofichwa katikati ya ndege. Kipande hicho husukuma fimbo inayokwenda kwenye usukani wa mkia. Mkono ukiinuka, mkia hutii. Mambo mengine yote, yaani kama ndege itavuta nyaya vizuri, kama italala upande, kama itakata kona au itaizunguka, yamekwisha kuamuliwa mezani miezi mingi nyuma, wakati wa kuijenga. Hapo ndipo penye hadithi yangu.

Mwaka 1977, nikiwa na miaka 27 na mafunzo yangu ya Chuo cha Ualimu Butimba, nilipata nafasi ya kwenda Uingereza kwa mwaka mmoja kusomea ufundishaji wa kazi za mikono. Nilipangiwa chumba katika nyumba ya mzee mmoja, mjane, katika mji wa viwanda huko Lancashire. Alikuwa fundi mstaafu wa karakana ya reli, mtu wa maneno machache. Neno la kwanza la Kiswahili alilolishika lilikuwa "mwalimu", na tangu siku hiyo hakuniita kwa jina. Mimi nami nilimwita Mzee, nikamweleza maana yake, akasema kwamba kwao neno hilo lingekuwa tusi lakini kwa kuwa nimelileta kutoka mbali atalipokea.

Nyuma ya nyumba alikuwa na banda la mbao lenye jiko la mafuta ya taa. Jioni ya kwanza nilipoingia humo nilisimama mlangoni kwa mshangao, si kwa sababu ya ndege zilizoning'inia darini, bali kwa sababu ya harufu. Lilinuka mafuta ya nyonyo. Bibi yangu alikuwa akiyatumia kwa nywele na kwa tumbo la watoto, na sasa nayakuta Lancashire! Kumbe injini zile ndogo hunywa mchanganyiko wa spiriti na mafuta ya nyonyo, nayo mafuta hutoka na moshi na kuipaka ndege nzima. Nilijiona nimefika nyumbani kidogo.

Mzee alinieleza kwamba mchezo huu ulienea kutoka Marekani. Jim Walker wa Portland, Oregon, ndiye aliyeufanya upendwe mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwa ndege yake iliyoitwa Fireball. Alikuwa na hati ya uvumbuzi wa mtindo huo. Lakini mtu mwingine wa Oregon, Oba St. Clair, alikuwa amekwisha kurusha ndege ya namna hiyo katika miaka ya 1930. Shauri likafika mahakamani katika miaka ya 1950 na hati ya Walker ikaanguka. Swali la nani aliunda nini, utaona, limeufuata mchezo huu tangu utoto wake. Baadaye George Aldrich wa Texas akachora ndege aliyoiita Nobler, yenye bawa nene na vibawa vya nyuma vinavyokwenda kinyume na usukani wa mkia: mkia ukiinuka, vibawa hushuka, na ndege hupata nguvu ya kukata kona bila kuzama. Nobler haikuwa ya kwanza kuwa na vibawa hivyo, ila ndiyo iliyoigwa na watu wengi, na ile ya Mzee, ingawa aliichora mwenyewe, ilikuwa mjukuu wake.

Majira yale ya baridi alikuwa anaanza ndege mpya kwa ajili ya kiangazi. Mimi nilikuwa msaidizi wa kushika taa na kufagia vumbi, na nikaruhusiwa kuuliza.

Kazi ilianza kwa kuchagua mbao, nayo ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Waswahili tunasema mchagua jembe si mkulima. Mzee angesema kwamba asiyechagua mbao si mjenzi. Mbao inayotumika ni balsa, mti wa Amerika ya joto, na sehemu kubwa ya mbao yake hutoka Ecuador. Mita ya ujazo ya mvule wetu ina uzito wa kilo 600 na zaidi. Balsa nzuri ya kujengea ndege haifiki 100. Lakini si balsa zote ni sawa. Ubao mmoja waweza kuwa mzito mara mbili ya mwenzake uliolala naye kwenye rafu moja, ukubwa uleule, bei ileile. Kwa hiyo Mzee alikwenda dukani na mizani ya kupimia barua mfukoni. Alipima ubao mmoja mmoja, akauinua kwenye mwanga kutazama nyuzi zake, akaukunja kidogo kwa vidole. Ubao ambao nyuzi zake zimekatwa kwa namna fulani hukunjika upande kwa upande bila taabu, nao unafaa kuvikwa mbele ya bawa. Ule uliokatwa kwa namna nyingine unang'aa madoa madoa na haukubali kukunjwa. Huo ni wa mbavu. Mwenye duka alikuwa amemzoea, akaendelea kusoma gazeti lake.

Mbavu zilikatwa baina ya vipande viwili vya bati ili zote zifanane. Zilikuwa zaidi ya ishirini. Alipozimaliza alizipima kila moja na kuzipanga mafungu mawili, moja la bawa la kulia na moja la kushoto, akibadilisha mpaka mafungu yakalingana. Alikuwa na daftari la shule, la mistari, ambamo aliandika kila kitu kwa penseli: uzito wa mbavu, wa mihimili, hata wa gundi. Ndiyo, gundi. Alikuwa akipima kipande kabla ya kukiunga na baada ya kukiunga, na tofauti ndiyo gundi. Nilimuuliza kama hayo si kupita kiasi. Alinijibu kwa hesabu, na mimi kama mwalimu nikairudia kwenye karatasi yangu usiku. Nyaya zikiwa na urefu wa mita 20, ndege inayomaliza mzunguko kwa sekunde tano na kidogo humvuta rubani kwa nguvu ya karibu mara tatu ya uzito wake. Hiyo ni ndege iendayo sawasawa, chini. Inapopita juu ya utosi, uzito wake huirudisha chini kuelekea kwa rubani na mvuto wa nyaya hupungua, tena wakati mwendo nao umepungua kwa sababu ya kupanda. Nyaya zikilegea hata kwa nusu sekunde, mkono haushiki kitu, na miezi mitano inakuja ardhini. Ndege nzito haikati kona; inataka kukata, halafu inateleza. Kwa hiyo nguvu ilikuwa lazima, maana kabla ya kuruka ndege huvutwa kwa mizani kwa nguvu ya mara kumi ya uzito wake kuona kama itakatika, na wepesi ulikuwa lazima, na hivyo viwili havipatani. Kazi yote ya banda lile ilikuwa kuvipatanisha.

Jambo lililonifurahisha zaidi, kama mtu wa hesabu za darasani, ni kwamba ndege nzuri ya namna hii haina pande sawa. Bawa la ndani ni refu kuliko la nje kwa sentimita mbili au tatu, kwa kuwa la nje huenda mbio zaidi na hubeba zaidi. Ndani ya ncha ya bawa la nje huwekwa risasi kidogo kufidia uzito wa nyaya. Injini hutazama nje kidogo. Ukiitazama kwa haraka utadhani imelingana. Mzee alisema kwamba kinachotakiwa kiwe sawa ni mruko wake.

Mwezi wa Machi bawa likawa tayari, likavikwa karatasi laini na kupakwa ile rangi yenye ukali wa kuumiza macho waliyoiita dopu, ambayo ikikauka huvuta karatasi ikakazana kama ngozi ya ngoma. Tuliliacha siku mbili. Siku ya tatu Mzee aliliweka juu ya ubao wake wa kujengea, ubao alioupima kwa pima maji kila wiki, akainama, akafunga jicho moja, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akaniambia nitazame. Sikuona kitu. Akachukua kijiti cha kiberiti akakipitisha chini ya mbele ya ncha ya bawa la nje. Kikapita. Upande wa pili hakikupita.

Bawa lilikuwa limejipinda. Dopu ilikuwa imelivuta.

Alichemsha birika, akalipitisha bawa kwenye mvuke na kulipinda kinyume kwa mikono, akalishika mpaka likapoa. Likanyooka. Asubuhi yake lilikuwa limerudi palepale. Akarudia siku nne. Jirani yake mmoja, naye mrushaji wa siku nyingi, akaja, akatazama, akacheka: kwa unene wa kijiti cha kiberiti? Ongeza risasi kwenye ncha, maliza, hakuna atakayeona.

"Ndege itaona," alisema Mzee.

Baadaye alinieleza, na maelezo yenyewe nimeyatumia ubaoni kwa miaka mingi. Risasi ya kwenye ncha hushusha bawa la nje siku zote, ndege ikiwa imesimama au imelala chali. Mpindo hauna adabu hiyo. Ndege ikienda kawaida, mpindo huinua bawa la nje. Ikigeuka chali, mpindo uleule hulishusha. Dawa ya upande mmoja ni sumu ya upande wa pili. Rubani mzuri anaweza kuishi na ndege hiyo, akaifunika makosa yake, lakini atakuwa anaruka na deni kila umbo, na hatajua kama alama alizokosa ni za mkono wake au za bawa.

Jumamosi ile alichukua msumeno mwembamba na kulikata bawa. Halikuweza kutolewa kwa namna nyingine, kwani lilikuwa limekwisha gundishwa kwenye kiwiliwili. Nilitoka nje, sikuweza kutazama. Mashindano aliyokusudia yalikuwa mwisho wa Mei, kazi ya bawa peke yake ilikuwa imemchukua wiki tisa, na pensheni ya karakana ya reli haikuwa ya kununulia mbao mara mbili. Kwa mwezi mmoja tulikula viazi kuliko kawaida. Bawa la pili alilijenga kwa wiki sita, akiamka alfajiri, na lilikuja jepesi kuliko la kwanza. Ndege nzima, pamoja na rangi, ilikuwa na uzito wa aunsi 47, yaani kilo 1 na gramu 330 hivi. Alikwenda nayo kwenye mashindano ya mwisho wa Mei, akashika nafasi ya tisa, akarudi amefurahi.

Kiangazi hicho cha 1978 ubingwa wa dunia wa ndege za nyaya ulifanyika Uingereza yenyewe, kwenye uwanja wa ndege wa jeshi wa Woodvale, karibu na Southport, si mbali na kwetu. Tulikwenda siku moja. Palikuwa karibu na bahari na upepo ulivuma kama wa kusi. Niliona watu wa mataifa mengi wamepiga magoti juu ya nyasi wakifuta mafuta ya nyonyo kwenye mabawa kwa vitambaa laini, kama mama anayemfuta mtoto. Mzee hakutazama sana maumbo. Alikuwa akizungukazunguka mahali ndege zilipolazwa, mikono nyuma, akiinama na kufunga jicho moja. Ubingwa ulichukuliwa na Mmarekani, Bob Hunt, kwa ndege aliyoiita Genesis.

Huko Marekani, Mzee alinieleza tukiwa kwenye basi la kurudi, mashindano yao ya kitaifa yana kanuni mbili ambazo mimi nilizipenda papo hapo. Ya kwanza, ndege kabla haijaruka hupangwa pamoja na nyenzake, nao waamuzi hutoa hadi alama 20 kwa ujenzi na sura yake. Ya pili, rubani lazima awe ndiye aliyeiunda. Huwezi kurusha kazi ya mwingine ukaiita yako.

Kanuni hii ya pili ilinikaa moyoni, na ilinigharimu. Mwaka 1991 nilikuwa Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, na palikuwa na maonyesho ya kazi za mikono ya shule za wilaya. Mvulana mmoja wa darasa la saba alileta kigoda cha mninga. Msomaji, kilikuwa kigoda hasa: miguu imeingia kwenye tundu bila msumari hata mmoja, kimepigwa msasa kikang'aa. Nilimwita ofisini peke yake, nikampa patasi na kipande cha mbao, nikamwomba anioneshe jinsi alivyochimba tundu moja. Alishika patasi kama kijiko. Kisha akasema, kwa unyofu ambao sijausahau, "Shikamoo Mwalimu, ni fundi wa baba." Alikuwa amekwisha kuniamkia alipoingia; nadhani aliamkia tena kwa kukosa neno jingine. Kigoda nikakirudisha nyumbani kwa heshima, hakikwenda kwenye maonyesho. Baba mtu alikuwa mkubwa katika ofisi fulani. Miezi michache baadaye nilipata barua ya uhamisho kwenda shule ya mbali, mahali ambapo gari lilifika mara mbili kwa wiki. Mke wangu alifunga mizigo bila kusema neno. Nilikaa huko miaka minne, na mvulana yule kabla sijaondoka alikuwa anakuja saa za jioni kujifunza kushika patasi.

Nayasimulia haya kwa sababu katika mchezo wenyewe kanuni hiyo imekuwa na misukosuko, na mimi nimeufuatilia kwa mbali, kwanza kwa majarida ya zamani aliyonipa Mzee, na miaka hii ya karibuni kwa simu ya mjukuu wangu. Kina ndugu Yatsenko wa Ukraine walianza kutengeneza ndege za mashindano zinazotoka kwenye kalibu, mabawa yakifunguliwa na kufungwa kwa skrubu ili zisafiri kwenye sanduku. Mojawapo ya ndege hizo huitwa Shark. Zimenyooka kila moja kama mwenzake, na zimerushwa na marubani wa nchi nyingi kwenye ubingwa wa dunia, ambako kanuni haimlazimishi rubani awe mjenzi. Injini za nyonyo nazo zimewapisha wengi kwenda kwenye mota za umeme zinazoshika mwendo uleule tangu kupaa hadi kutua. Wengine wamefurahi. Wengine wamelia kwamba mchezo umekufa. Huko Marekani watu wazima wamebishana miaka na miaka: mtu akinunua sanduku lenye mbavu zilizokwisha katwa, je, ameunda? Akinunua bawa zima la povu na kulivika mwenyewe? Mpaka uko wapi?

Nimejaribu kuwa mwadilifu kwa pande zote. Mtu anayeishi ghorofa ya tano na watoto watatu hana banda. Mtu ambaye mikono yake inatetemeka kwa ugonjwa huenda macho yake na kiganja chake bado vinajua kuchora mraba angani, na kwa nini tumnyime? Tena mashindano ya kuruka ni ya kuruka. Mpiga zumari haulizwi kama alichonga zumari. Hoja hizi ni nzito na sina cha kuzipuuza. Lakini katika mchezo huu zumari na mpigaji havitengani kwa urahisi, kwa kuwa, kama nilivyosema, rubani hana amri ila juu na chini. Yanayobaki ni ya mjenzi. Anayenunua ndege iliyonyooka amenunua sehemu kubwa ya yale ambayo waamuzi wanayapa alama. Mimi ningeyatenga mashindano mawili, kila moja na kombe lake, na nisingemwona aliyenunua kuwa mwizi, almradi aseme amenunua. Yule mvulana wa kigoda alisema, na kwangu mambo yake yalikwisha pale.

Mzee hakukubaliana nami. Tulikuwa tukiandikiana barua kila Krismasi, na nilipomwandikia mawazo haya ya makombe mawili alinijibu mstari mmoja: kwamba hilo ni jambo la makombe, na yeye alikuwa anazungumza juu ya mbavu.

Katika miaka ya 1990 mwandiko wake ulianza kuyumba. Aliandika kwamba vidole vimeanza kumtetemeka na wembe hautulii kwenye bati. Jirani yule yule wa kijiti cha kiberiti alijitolea kumkatia mbavu. Jirani alikuwa na nia njema, na katika vilabu vya huko hakuna ambaye angeuliza. Mzee akakataa. Akatafuta njia yake: badala ya kukata kwa wembe akawa anasugua mbavu kwa msasa uliogundishwa kwenye kipande cha mbao, polepole, mbavu moja kwa jioni, na siku ambazo mkono haukubali kabisa hakuingia bandani. Ndege ambayo zamani ingemchukua majira moja ya baridi ilimchukua mawili. Niliona amejitesa, nikamwandikia hivyo.

Barua yake ya mwisho iliandikwa 1994. Ilikuwa fupi na nusu yake ilikuwa hali ya hewa. Chini kabisa, kwa herufi zilizopanda na kushuka, alisema kwamba ndege imekamilika, ameipitisha kwenye ubao na kijiti cha kiberiti hakipiti upande wowote, na kwamba pamoja na rangi ina aunsi 45 kamili, nyepesi kuliko zote alizopata kujenga. Alikuwa ameirusha mashindanoni mara moja, mwezi wa Agosti. Niliisoma barua ile mara mbili, mbele na nyuma, nikitafuta alishika nafasi ya ngapi. Hakuandika.